Kabla maji hayajawa chumvi: kukoleza maji ya bahari kwenye mashamba ya Bagamoyo

Chumvi inayochuruzika maji ndani ya kiroba, chungu ulimini, inayoacha mchanga mweupe chini ya glasi, haikuharibikia ghalani. Iliharibikia bwawani siku nyingi kabla ya kukwanguliwa, na mara nyingi kwa kosa moja kati ya mawili: maji yaliingizwa bwawa la kuvunia kabla hayajakolea, au yaliachwa humo hata wakati wake ulipopita. Haya ninayaandika kwa wanaolima chumvi, au wanaotaka kuanza, kwenye majangwa ya nyuma ya mikoko, kuanzia Nunge pale Bagamoyo hadi Saadani, na kupanda Pangani, Tanga na Mkinga.

Tuanze na hesabu, maana shamba la chumvi ni hesabu kabla halijawa jasho. Lita 1,000 za maji ya bahari ya wazi zina karibu kilo 35 za chumvi za kila aina. Kati ya hizo, chumvi tunayotia kwenye mboga ni kama kilo 27. Zaidi ya kilo 5 ni chumvi za magnesiamu, na hizo ndizo zenye uchungu. Kilo moja na ushee ni jasi. Kinachobaki ni potasiamu, chokaa kidogo sana na vitu vingine vidogo vidogo. Vyote vimo ndani ya maji yale yale na jua halichagui; linaondoa maji tu. Lakini kila kitu kina kiasi chake cha maji kinachokihitaji ili kiendelee kuyeyuka, na maji yakipungua chini ya hapo kitu hicho huganda na kutua. Kwa hiyo vinatua kwa zamu, na zamu hizo ndizo mkulima anazozitegemea.

Chukua lita zako 1,000. Zikipungua hadi kama 500, chokaa inaanza kutua, kidogo mno, utaiona labda kama utandu mweupe kwenye vijiti vilivyomo majini. Zikibaki kama 250, jasi inaanza kuganda, na sehemu yake kubwa inakuwa imeshatua kabla ya kufika lita 100. Hapo kwenye lita 100 hivi ndipo punje za kwanza za chumvi zinapoonekana. Kutoka lita 100 hadi lita 30, kama kilo 21 za chumvi nzuri zinatua. Chini ya lita 30 chumvi bado imo, ila magnesiamu imeshajaa kiasi kwamba kila kilo unayoipata inakuja na uchungu wake. Maji hayo ya mwisho ni ya kumwaga.

Rudia kuitazama hesabu hiyo: lita 900 katika 1,000 zinaondoka kabla hujaona hata punje. Kazi karibu yote ya shamba la chumvi inafanyika mahali ambapo hakuna chumvi ya kuonekana.

Bwawa kubwa si la kuvunia

Hapa ndipo mashamba mengi mapya yanapokosea. Bwawa la kuvunia ndilo linaloonyesha pesa, kwa hiyo mtu akipata eneo anachimba mabwawa mengi ya kuvunia na kuacha mabwawa mawili matatu ya kukolezea. Ni kinyume chake. Kwa kila mita 1 ya mraba ya bwawa la kuvunia, weka kama mita 10 za mabwawa ya kukolezea, bila kuhesabu bwawa la akiba linalopokea maji kutoka baharini.

Mfano. Una mita za mraba 500 za kuvunia na 5,000 za kukolezea. Maji yakishuka wastani wa milimita 4 kwa siku, mabwawa ya kukolezea yanapoteza lita 20,000 kila siku. Kwa hesabu ya mwanzo, kilo 21 kwa kila lita 900 zinazoondoka, huo ni uzalishaji wa zaidi ya kilo 450 za chumvi kwa siku, kwenye karatasi. Uvujaji, matope na wingu la ghafla vitakula sehemu yake, lakini hicho ndicho kiwango cha shamba lenyewe. Sasa punguza mabwawa ya kukolezea yawe mita 1,500, ukiacha ya kuvunia yale yale 500. Maji yaliyokolea yanayozalishwa kwa siku hayatoshi hata kufunika milimita moja na nusu ya bwawa la kuvunia. Litakaa na njaa. Mwenye shamba ataona limekauka, atafungua mlango wa maji yaliyokolea nusu, na jasi yote inahamia kwenye chumvi yake.

Kina nacho kinachanganya watu. Maji yanageuka mvuke kwenye uso tu, pale yanapokutana na hewa. Bwawa la kina cha mita moja na bwawa la kina cha sentimita 15 lenye uso sawa yatapoteza maji yanayokaribiana kwa siku, na lile la kina kifupi litakolea mapema mno kwa sababu lina maji machache. Kwa hiyo bwawa la akiba liwe na sentimita 60 hadi mita 1, kwa kuwa kazi yake ni kutunza maji na kutuliza matope. Mabwawa ya kukolezea yaanze na sentimita 30 na kushuka taratibu hadi 10 au 15. Ya kuvunia, sentimita 5 hadi 8.

Jua, upepo na unyevu

Ukanda huu wa pwani unapata wastani wa kilowati-saa 5 hivi za nishati ya jua kwa kila mita ya mraba kwa siku, sawa na megajuli 18. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke bila kuyachemsha kunataka megajuli 2.4. Ukigawa, unapata kikomo cha kama lita 7 kwa mita ya mraba, yaani milimita 7 kwa siku. Hakuna bwawa linalofika hapo kila siku, kwa sababu mwanga mwingine unarudi juu na joto jingine linazama ardhini. Milimita 4 hadi 6 ni za kutarajia siku nzuri.

Lakini jua peke yake halitoshi, na jambo hili ni muhimu zaidi pwani yetu kuliko sehemu kavu. Maji yaliyokolea hadi kikomo cha chumvi hayataki kuachia mvuke kirahisi. Yakiwa na joto sawa na hewa, unyevu wa hewani ukifika asilimia 75 yanaacha kabisa kupungua, na ukizidi hapo yanaanza kunywa unyevu kutoka hewani. Bagamoyo usiku na alfajiri unyevu hupita kiwango hicho mara nyingi tu. Maana yake, bwawa la kuvunia linafanya kazi kuanzia asubuhi jua linapolipasha maji joto kuliko hewa, hadi magharibi, usiku limelala. Bwawa la mwanzo, lenye maji yanayokaribia ya bahari, linaendelea kidogo hata usiku upepo ukiwepo. Ndiyo maana kipimo cha milimita kwa siku kinashuka kadiri maji yanavyokolea: yaliyofika kikomo hupoteza kama robo tatu au chini ya hapo ya yale yanayopotezwa na maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yaliyo kando yake.

Upepo unafanya kazi ya kuondoa ile hewa nzito iliyolala juu ya maji na kuleta nyingine. Usipande miti ya kivuli upande unaotoka upepo, na usiinue matuta kupita sentimita 30 juu ya maji bila sababu. Kwa upande mwingine, bwawa refu sana lililolala kuelekea upepo wa kusi linasukuma maji yote upande mmoja, mawimbi yanakula tuta, na upande wa pili unabaki mkavu. Yagawanye mabwawa marefu kwa matuta madogo.

Maji mekundu yasikutishe. Kwenye mabwawa yaliyokolea sana wanaishi viumbe wadogo wanaopenda chumvi, mojawapo ni mwani uitwao Dunaliella salina, na rangi yao inasaidia maji kunyonya joto. Cha kuogopa ni utando wa kijani unaoteleza kwenye mabwawa ya mwanzo. Huo huja na maji yenye rutuba ya mto au taka, huziba uso, na ukioza huacha ute unaoufanya mchanga wa chumvi uwe laini na mchafu.

Kuingiza maji

Maji ya kujaza shamba huingizwa wakati wa bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo tofauti ya maji kujaa na kupwa pwani hii inafika kati ya mita 3 na 4. Siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi au saa kumi na moja, alfajiri na alasiri. Chukua ya alasiri ukiweza: bahari imepashwa joto na unaona unachoingiza. Wakati wa maji mafu, bila pampu hupati kitu, kwa hiyo bwawa la akiba liwe na uwezo wa kulisha shamba siku 14.

Usiingize maji bila kuyapima. Mdomo wa Ruvu uko jirani na Bagamoyo, na upande wa Saadani kuna Wami. Masika mito hiyo inamwaga maji baridi na tope, na kwa kuwa maji baridi ni mepesi, yanaelea juu ya yale ya bahari. Ukifungua mlango wa juu unajaza bwawa lako maji ya mto. Maji ya bahari ya kawaida yanasoma karibu digrii 3.5 kwenye haidromita ya Baumé, kifaa cha kupimia uzito wa maji. Yakisoma 2, subiri bamvua nyingine. Ukiyaingiza, umejiongezea karibu maradufu ya maji ya kuondoa kwa chumvi ile ile.

Msimu mkubwa unaanza masika ikiisha, mwezi Juni, hadi vuli inapoingia Oktoba au Novemba. Kuna msimu mfupi Januari na Februari, kaskazi ikivuma. Tanga hupata mvua zaidi kuliko Bagamoyo, kwa hiyo msimu huo mfupi huko ni wa kubahatisha.

Kipimo: haidromita, si yai

Haidromita ya Baumé ni kijiti cha kioo chenye uzito chini, kinachoelea juu zaidi maji yanapokuwa mazito. Nunua inayosoma 0 hadi 40 na mrija wake mrefu wa kupimia. Bila hiyo unalima kwa kukisia. Namba za kukumbuka ni chache: 3.5 bahari, 7 hivi chokaa inatua, 13 jasi inaanza, 25.5 chumvi inaanza, 29 mwisho.

Wapo wanaopima kwa yai: likielea, maji yako tayari. Yai bichi linaelea maji yakifika kama digrii 11. Hapo hata jasi haijaanza kutua! Yai linafaa kukuambia umetoka kwenye maji ya bahari, basi.

Joto nalo linadanganya kipimo. Haidromita nyingi zimewekewa alama kwa maji ya nyuzijoto 15 au 20. Maji ya bwawa la kuvunia saa nane mchana yana nyuzijoto 35 au zaidi, yametanuka, na yatasoma pungufu kwa karibu nusu digrii hadi digrii nzima. Unaona 28.3 kumbe ni 29, na uchungu umeshaanza kuingia. Pima asubuhi, au chota kwenye mrija na uweke kivulini hadi yapoe. Na chota kutoka katikati ya kina, baada ya kukoroga kidogo, kwa sababu maji mazito yanakaa chini.

Kutoka bwawa hadi bwawa

Mabwawa ya kukolezea yapangwe kwa ngazi, kila moja likishuka sentimita 5 hadi 10 kutoka lile la kabla yake, ili maji yaende yenyewe. Mabwawa manne au matano yanatosha shamba dogo. La kwanza lipeleke maji digrii 3.5 hadi 6, la pili hadi 10, la tatu hadi 15, la nne hadi 20, la mwisho hadi 25. Namba za katikati si amri. Mbili za mwisho ndizo zenye sheria. Kila bwawa linalobeba maji yaliyo kati ya 13 na 25 ni bwawa la jasi, na kazi yake ni kuhakikisha jasi inabaki humo. Usilichanganye na jingine, usilipitishe mfereji wa mkato, na usikanyage chini yake ovyo ukafufua kilichotua. Baada ya misimu kadhaa sakafu yake inakuwa na ganda gumu la jasi. Hilo ganda ni neema, linazuia kuvuja.

Ukiwa na mlango unaochota maji ya juu, utumie huo kutoa maji kwenye bwawa la jasi. Ukichota ya chini, unabeba na vijipande vyenyewe.

Jambo la uvujaji linahitaji kipimo chake, maana ukitazama kijiti tu huwezi kujua maji yamepaa au yamezama. Chukua ndoo, ijaze maji ya bwawa hilo hilo, izamishe ndani ya bwawa mdomo ukiwa juu kidogo ya maji, na maji ya ndani na nje yawe usawa mmoja. Weka alama ndani ya ndoo na kwenye kijiti cha bwawani. Baada ya siku mbili soma zote mbili. Ndoo haivuji, kwa hiyo ilichopoteza ni mvuke peke yake. Kama ndoo imeshuka milimita 10 na bwawa milimita 18, milimita 8 zimekwenda ardhini, pamoja na chumvi yake yote. Kwenye bwawa la mwanzo unaweza kuvumilia. Kwenye maji ya digrii 20, kila lita inayozama imebeba kazi ya siku nyingi.

Dawa ya uvujaji ni mfinyanzi: mwaga maji kidogo, kanyaga hadi tope liwe kama la kufyatulia matofali, sawazisha kwa ubao, liache likauke kidogo bila kupasuka, kisha shindilia. Likipasuka nyufa umechelewa kuingiza maji. Matuta yana adui wake mwingine, kaa. Wanatoboa tuta kutoka upande wa mkoko, tundu moja linatosha kumwaga bwawa zima usiku. Yazungukie matuta kila maji yanapopwa, ziba kwa mfinyanzi uliosukumwa ndani kwa mti, si kwa kurushia udongo juu ya tundu.

Plastiki nyeusi inazuia kuvuja na inapasha maji joto, na chumvi yake ni nyeupe zaidi. Kama fedha ni kidogo, itandike mabwawa ya kuvunia na lile la mwisho la kukolezea tu. Kuitandika kwenye bwawa la akiba ni kutupa pesa.

Bwawa la kuvunia

Ingiza maji yakiwa digrii 25 hadi 25.5. Ndani ya siku moja au mbili za jua utaona vipande vyembamba vikielea kisha kuzama. Siku zenye joto na zisizo na upepo vipande hivyo huungana vikawa utando unaofunika uso, na uso ukifunikwa maji hayapai tena. Upitishe ubao au reki nyepesi juu, uvunjike, uzame. Usikoroge chini. Ukikoroga mara kwa mara punje zinabaki ndogo na zinabeba matope. Ukiacha zitulie zinakua na kuwa ngumu.

Ongeza maji mapya ya digrii 25 kila asubuhi kufidia yaliyopungua, ili sakafu isibaki wazi. Tabaka la chumvi hukua kama milimita 1 kwa siku hali ikiwa nzuri. Likifika sentimita 1 hadi 2, shamba dogo linaweza kuvuna. Lakini kabla ya kuvuna, na hata katikati, pima: maji yakigonga 29 yatoe yote, yapeleke mbali na mifereji ya kuingizia. Kuna anayeyarudisha kwenye bwawa la mwanzo akisema bado yana chumvi. Ni kweli yana chumvi, na pia yana magnesiamu karibu yote ya maji yote uliyokoleza. Ukiyarudisha mara tatu nne, shamba zima linasoma digrii za juu bila kutoa chumvi, kwa sababu haidromita inapima uzito wa maji, haijui ni uzito wa chumvi gani. Mkulima anaona 26, anasubiri punje, hazionekani.

Magnesiamu hiyo ndiyo inayofanya kiroba kichuruzike. Chumvi safi haivuti unyevu hadi hewa ifike ile asilimia 75. Chumvi ya magnesiamu inaanza kuvuta kwenye asilimia 33 tu, na pwani hakuna siku hewa ikawa kavu kiasi hicho.

Wakati wa kukwangua, weka sentimita moja hivi ya maji ya digrii 25 juu ya chumvi. Yanaosha punje unapozivuta, na tope linabaki nyuma. Reki ya mbao ni bora kuliko ya chuma: haichimbi sakafu na haiachi kutu. Rundika kando ya bwawa, kwenye mbao zenye mteremko, rundo liwe na ncha kama pia. Liache siku kadhaa lichuruzike, maji ya magnesiamu ndiyo ya kwanza kutoka. Ukiona bado ni chungu, lioshe kwa maji safi ya digrii 24 au 25 yaliyokwishaacha jasi. Usioshe kwa maji ya bomba. Lita moja ya maji baridi inaweza kuyeyusha karibu gramu 360 za chumvi yako. Funika rundo kwa makuti au turubai, ukiacha upepo upite chini.

Kujua kasoro ni rahisi. Yeyusha kijiko kimoja kwenye glasi ya maji safi, subiri nusu saa. Mashapo ya kahawia ni tope: sakafu laini au reki iliyokwenda chini mno. Mashapo meupe yanayokwaruza ni jasi: uliingiza maji chini ya 25. Glasi ikiwa safi lakini maji yana uchungu, ulichelewa kutoa maji ya 29.

Mvua

Mvua ya milimita 20 juu ya bwawa la kuvunia la mita za mraba 100 ni lita 2,000, na zikikaa zinaweza kuyeyusha kilo 700 za chumvi. Ila hazifanyi hivyo papo hapo. Maji ya mvua yanaelea juu ya yaliyokolea, na kama hakuna upepo yanakaa hivyo saa kadhaa. Kila bwawa la kuvunia liwe na mdomo wa juu kwenye tuta, sentimita moja tu juu ya usawa wa kawaida wa maji, uufungue mvua ikikatika na kuyaacha yale mepesi yatoke. Wasiingie watu wala reki humo mpaka yaishe.

Wingu likiwa limetanda toka asubuhi, kimbiza maji ya digrii 20 na zaidi kwenye shimo la akiba: jembamba, la kina cha mita 1.5 au 2, lenye sakafu ya mfinyanzi au plastiki. Uso wake mdogo unapokea mvua ndogo. Shamba lisilo na shimo hili huanza upya kila baada ya mvua kubwa.

Chumvi ya kuchemsha

Wapo ambao bado wanachemsha, hasa mahali palipo na kuni za mikoko. Hesabu yake ni kali. Kuchemsha lita moja ya maji hadi iishe kunataka megajuli 2.6 hivi. Kilo moja ya kuni kavu ina kama megajuli 15, na jiko la mafiga linaingiza chunguni kama sehemu moja ya saba. Hivyo kila lita inakula zaidi ya kilo moja ya kuni. Ukichemsha maji ya bahari yalivyo, kilo moja ya chumvi inahitaji lita 37 ziondoke, yaani mzigo wa kuni wa zaidi ya kilo 40. Ukianza na maji ya digrii 25, ni lita tatu na kitu, kuni kilo nne. Anayechemsha akaacha jua limkolezee kwanza, hata kwenye bwawa moja la plastiki, anaokoa sehemu tisa katika kumi za kuni. Sufuria nayo izimwe kukiwa na maji kidogo bado, kwa sababu ile ile ya magnesiamu. Ukikausha kabisa umeikaanga ndani ya chumvi.

Kukata mikoko bila kibali ni kosa, na ni upuuzi pia kwa mwenye shamba: mikoko ya mbele ndiyo inayozuia mawimbi yasile matuta. Kabla ya kuchimba bwawa lolote, jua kwamba chumvi inahesabiwa madini kisheria, na leseni inatoka Tume ya Madini.

Madini joto

Chumvi ya kuuzwa kwa kula lazima iwekewe madini joto. Dawa ni potasiamu ayodeti, ambayo asilimia 59 ya uzito wake ni iodini yenyewe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 14 hadi 65 za iodini kwa kilo ya chumvi, kutegemea kiasi cha chumvi ambacho watu hula kwa siku. Kiwango cha kiwandani na ghalani kifuate kanuni za nchi zinazotumika mwaka huo. Kwa miligramu 40, gunia la kilo 50 linataka gramu 3.4 za ayodeti. Ziyeyushe kwenye mililita 100 za maji safi, mwaga chumvi juu ya turubai safi, nyunyiza kwa bomba la mkono huku mwingine akigeuza kwa sepeto, geuza upya mara kadhaa hadi kila upande upate.

Chumvi iwe imeshachuruzika kabla ya kunyunyiziwa. Ikiwa mbichi, dawa inashuka na maji hadi chini ya gunia, ya juu inabaki bila kitu, na sampuli ya mkaguzi huchotwa juu. Pima ayodeti kwa mizani ya gramu, isiwe kijiko, na viroba viwe vyenye plastiki ndani, vikae juu ya mbao, mbali na ukuta unaopigwa na jua.